Luteni Aliyekataa Kubebwa Maktau

Makondakta wa matatu za Voi kwenda Taveta huvitaja vituo kwa pumzi moja: Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni, Taveta! Maktau hawashuki wengi. Ni nyika tupu, vichaka vya miiba pande zote, tembo wakivuka njia wakati wanaotaka wao. Kando ya barabara kuna reli ya zamani ambayo nyasi zimeimeza kiasi kwamba mgeni akiitupia jicho gari likiwa mbioni ataidhani ua wa shamba ulioanguka.

Mwaka 1915 reli hiyo ilikuwa mpya kabisa, na watu waliuana kwa ajili yake. Mmoja wao alikuwa Mwaustralia wa miaka 30, luteni wa jeshi la Uingereza, aliyeuawa katika vichaka vya karibu na Maktau tarehe 3 Septemba mwaka huo. Alitunukiwa Victoria Cross baada ya kufa, nishani kubwa kuliko zote ambazo askari wa Uingereza na makoloni yake aliweza kupewa. Kwao nishani yake imehifadhiwa kwenye jumba la kumbukumbu ya vita mjini Canberra. Kwetu, huko alikofia, jina lake halijulikani sana, na sioni ajabu. Vita vile tulivirithi kama vita vya Mjerumani na Mwingereza, na mtu wa Melbourne hakuwa hata katika hesabu.

Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1885 katika kitongoji cha Collingwood, Melbourne, akaitwa William Thomas Dartnell. Mwaka 1907 alioa, na kabla ya vita alikuwa amekwisha kuhamia Afrika Kusini. Vita vilipolipuka Agosti 1914, Waaustralia wenzake walijiandikisha kwa makumi ya maelfu katika jeshi lao jipya, wakapelekwa Misri, kisha wakashushwa Gallipoli, pwani ya Uturuki, alfajiri ya Aprili 25, 1915. Yeye alishika njia nyingine. Alikwenda kujiandikisha katika kikosi cha Waingereza, na huko akajiita Wilbur Taylor Dartnell. Wapo watu ambao vita huwapa nafasi ya kuanza upya, na kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha ni jina. Mwanzoni mwa 1915 alivishwa cheo cha luteni wa muda.

Kikosi chenyewe kilikuwa kioja. Jina lake rasmi lilikuwa batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, lakini kiliundwa na chama cha watu waliojiita walinzi wa mipaka ya dola, chini ya Kanali Daniel Patrick Driscoll, mkongwe wa vita vya Makaburu. Driscoll aliwakusanya wawindaji, wachimba dhahabu, mabaharia, wachunga ng'ombe wa Marekani na watu waliowahi kutumikia majeshi ya mataifa mengine. Mpiga picha za wanyama Cherry Kearton alikuwemo. Alikuwemo pia Frederick Courteney Selous, mwindaji aliyekuwa maarufu kuliko wote enzi zake, ambaye alikuwa amevuka miaka 60 na bado akaruhusiwa kubeba bunduki. Wenzao waliwatania kwa kuwaita wazee wasiojua woga. Jeshi la Uingereza, ambalo kwa kawaida halimpeleki mtu vitani mpaka amechoshwa kwa kwata, liliwapakia melini moja kwa moja bila mafunzo ya maana. Liliona kwamba watu wa aina hii hawahitaji kufundishwa kulala porini.

Walishuka Mombasa Mei 1915. Mwezi huohuo, huko Gallipoli, Mwaustralia mwingine, Albert Jacka, aliruka peke yake ndani ya handaki lililokuwa limetekwa na Waturuki akawaua waliokuwemo. Alipewa Victoria Cross, na baadaye uso wake ukabandikwa kwenye mabango ya kuwaita vijana jeshini. Gallipoli ndiyo iliyogeuka kuwa hadithi ya taifa la Australia. Mtu aliyekufa kwenye nyika ya Wataita, ndani ya sare ya jeshi la wengine, hakuwa na bango la kubandikwa.

Hali ambayo Dartnell na wenzake waliikuta Afrika Mashariki haikuwa nzuri kwa Waingereza. Novemba 1914 walikuwa wamejaribu kuiteka Tanga kwa jeshi la watu wapatao 8,000 lililoletwa kutoka India, wakafukuzwa na watu wa kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, waliokuwa kama 1,000 tu. Nyuki nao waliingilia ugomvi usiowahusu, na mpaka leo ndio wanaokumbukwa zaidi. Taveta ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Agosti 1914. Kwa hiyo kipande cha ardhi ya Uingereza kilikaliwa na adui, na ngome zake zilikaa umbali wa siku chache kwa miguu kutoka kwenye kitu ambacho koloni zima lilikitegemea, yaani reli ya Mombasa hadi Kisumu.

Lakini kwanza Bukoba. Juni 1915 Waingereza walitaka ushindi wowote wa kuwatia watu wao moyo, na wakaona kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani ng'ambo ya ziwa kinafaa. Askari walisafirishwa kwa treni hadi Kisumu, wakapandishwa meli za ziwani, wakashushwa kaskazini ya mji wa Bukoba. Walipigana kwa siku mbili, Juni 22 na 23, mabwawa yakiwafika viunoni, kabla Wajerumani hawajauacha mji. Mnara wa mawasiliano uliangushwa, ngome ikalipuliwa, kisha mji ukaporwa, na watu wa Driscoll walikuwa mstari wa mbele katika uporaji huo kama walivyokuwa katika mapigano. Wanahistoria wa kijeshi hupenda kulipita jambo hili kwa haraka. Wenyeji wa Bukoba, waliorudi kukuta milango imevunjwa, sidhani kama walilipita hivyo.

Kwenye ngome ya Bukoba, aliyeishusha bendera ya Kaiser alikuwa Luteni Dartnell. Hiyo ndiyo mara ya kwanza anaonekana wazi katika historia yetu, kijana mwenye kamba ya bendera mkononi, moshi nyuma yake. Ilikuwa imebaki miezi miwili na siku kumi na kitu.

Baada ya hapo kikosi kilirudishwa upande wa Voi, na huko vita vilikuwa vya namna nyingine kabisa. Kati ya vilima vya Taita na Kilimanjaro kuna nyika isiyo na maji. Wajerumani walikuwa wakituma vikundi vidogo kutoka kwenye mitelemko ya mlima, wazungu wawili watatu, askari kadhaa, wapagazi wa kubeba maji na baruti. Walikwenda kwa miguu siku nyingi, wakijificha mchana, mpaka wafike relini. Wengine walikufa kwa kiu njiani. Wengine walinaswa. Waliobahatika walifukua kokoto chini ya chuma, wakazika baruti, wakafunika, wakafuta nyayo zao kwa tawi, wakaondoka.

Waingereza walipochoka kupoteza injini, walianza kutanguliza mabehewa ya mchanga mbele ya treni ili baruti ilipuke chini ya mchanga. Wajerumani nao wakatengeneza mtego ambao haulipuki mpaka magurudumu kadhaa yawe yamepita. Ulikuwa mchezo wa paka na panya. Tofauti ni kwamba dereva wa injini, mara nyingi Mhindi, na mchochea moto wake ndio waliokuwa wakikaa juu ya swali hilo kila usiku.

Ili kumfukuza adui Taveta, Waingereza walianza kujenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea magharibi. Katikati ya 1915 ilikuwa imefika Maktau, na pale palipokuwa kichaka tu pakasimama kambi kubwa yenye mahandaki, boma la miiba, Wabaluchi wa batalioni ya 130 kutoka India, Waingereza, wapagazi, nyumbu na farasi. Maji yalitoka upande wa vilima vya Bura. Julai 14 walijaribu kuichukua Mbuyuni, mbele zaidi, wakapigwa wakarudi. Tangu hapo Maktau ikawa kambi ya kungoja, ikizungukwa na doria usiku na mchana, yao na za adui.

Hapa niache kidogo habari za luteni, kwa sababu wiki zilezile lilitokea jambo ambalo bila hilo picha haikamiliki. Agosti 1915 Wajerumani walikishambulia kituo cha Waingereza kilichokuwa mlima Kasigau, kusini mwa Voi, na mlima ule ukawa kituo chao kizuri cha kuivamia reli. Waingereza waliamua kwamba wenyeji wa Kasigau, ambao ni Wataita, ndio waliomwonyesha adui njia. Waliadhibiwa wote, mkubwa kwa mdogo. Nyumba zao zilichomwa, wakaswagwa kutoka mlimani kwao penye baridi na kupelekwa Malindi, pwani, ambako malaria iliwamaliza wengi. Waliobaki na watoto wao hawakurudi kwenye mlima wao mpaka miaka ya 1930.

Kwa hiyo Septemba ilipoanza, nyika kati ya Kasigau na Maktau ilikuwa mahali ambapo kila anayesikia kijiti kikivunjika hufyatua risasi kwanza. Hata mwenyeji, ambaye ndiye pekee aliyejua visima vilipo, alikuwa adui au mshukiwa, au tayari amehamishwa.

Tarehe 3 Septemba kikosi cha askari wa miguu wa kupanda, Dartnell akiwemo, kilitoka kukabiliana na Wajerumani waliokuwa wakiivizia reli. Askari wa namna hii husafiri juu ya mnyama ili wafike haraka, lakini wakifika hushuka wakapigana kwa miguu. Wazo ni zuri kwenye karatasi. Porini lina kasoro mbili. Ya kwanza ni mbung'o, aliyeua farasi na nyumbu wengi kuliko risasi. Ya pili ni kwamba mtu mmoja kati ya kila wachache hana budi kubaki nyuma ameshika hatamu za wanyama wa wenzake, hivyo bunduki zinapungua kabla hata vita havijaanza.

Waliokwenda kuvizia wakaviziwa. Katika kichaka cha Maktau mtu hamwoni mwenzake aliye hatua ishirini mbele. Wengi wa askari wa Wajerumani bado walibeba bunduki ya zamani, mfano wa 1871, ya risasi moja moja, inayotoa moshi mzito mweupe kama jiko la kuni mbichi. Kwenye uwanda moshi huo hutoboa siri ya mpigaji. Kichakani, kwa karibu namna hiyo, hauna msaada, kwani unapouona umekwisha kupigwa. Risasi yake ilikuwa nene, milimita 11, ya madini laini ya risasi. Ikigonga mfupa haiuvunji tu, inausaga.

Dartnell alijeruhiwa mguuni. Wenzake walimnyanyua wakaanza kurudi naye nyuma. Tuitazame hesabu iliyokuwa mbele yao. Kumbeba mtu mzima ambaye hawezi kutembea, kwenye miiba, kunahitaji watu wawili wenye nguvu, na bora wanne. Kila anayebeba ameacha kupiga risasi. Majeruhi wakiwa wanne au watano, nusu ya kundi limegeuka machela, na adui yuko hatua chache. Wale waliokuwa wameumia vibaya zaidi haikuwezekana kuwaondoa. Walibaki pale chini. Luteni alikuwa na bahati ya kupigwa mguu tu, na cheo cha kumfanya abebwe.

Akawaambia wamshushe.

Maelezo rasmi ya nishani yake, yaliyotangazwa kwenye gazeti la serikali mjini London tarehe 23 Desemba 1915, ni mafupi, na sababu yanayompa ni moja. Yanasema aliisoma hali ilivyo, akijua kwamba askari weusi wa adui huwaua majeruhi, akashikilia aachwe nyuma kwa matumaini ya kuyaokoa maisha ya wenzake waliolala pale. Alitoa maisha yake katika jaribio hilo.

Mimi hukwama kila mara kwenye kipande cha katikati. Sina shaka na ushujaa wa mtu yule. Hakuna anayeomba kuachwa ardhini na mguu uliojeruhiwa, adui akiwa hatua chache, kwa sababu ya kupenda sifa. Kinachonikwamisha ni neno "akijua". Limeandikwa kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa, kama vile mtu kujua kwamba masika hunyesha. Aliandika karani, akatia sahihi mkubwa wake, likachapwa London, na likabaki pale pamoja na nishani. Katika maelezo hayo aliyeua ana rangi tu. Hana jina, wala kabila, wala afisa aliyemwamuru.

Askari wa Lettow walikuwa watu wa aina nyingi. Walikuwemo Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na wakongwe wa Kisudani waliokuja na Wajerumani tangu miaka ya mwanzo. Wengi walilipwa vizuri kuliko mtu yeyote wa kijijini kwao, walitembea na wake na watoto, na waliinyanyasa nchi waliyopita, hilo nalo tusilifiche. Inawezekana kabisa kwamba Septemba ile, pale Maktau, walimmalizia majeruhi. Katika vita vya vichakani, mahali ambapo maji ya kumnywesha mateka hayatoshi hata kwa aliyemteka, majeruhi wa adui alikuwa mtu asiye na mwenyewe, na mara nyingi fisi ndiye aliyemfikia kwanza. Lakini amri ya kusonga mbele au kurudi, ya kuchukua mateka au kutochukua, ilitoka kwa mzungu aliyewaongoza. Maelezo yale hayamtaji.

Na pengine hapo ndipo lilipo tumaini la Dartnell. Nadhani aliamini kwamba afisa mzungu akikutwa amelala pamoja na majeruhi, afisa mzungu wa upande wa pili atanyoosha mkono kuwazuia watu wake. Kama nasoma sawa, alikuwa akiitumia ngozi yake na nyota zake za bega kama bendera nyeupe. Haikufaa kitu. Huenda afisa wa Kijerumani alikuwa mbali, au alikuwa karibu na hakujali. Huenda pia Dartnell alipiga risasi hadi ya mwisho, na mtu anayepiga risasi haombewi.

Alizikwa Voi. Nishani ilimwendea mjane wake.

Katika kampeni yote ya Afrika Mashariki, miaka minne ya kufukuzana kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji na kurudi hadi Rhodesia ya Kaskazini, Victoria Cross zilitolewa nne. Ya kwanza alipewa Kamanda Henry Peel Ritchie wa jeshi la wanamaji, kwa yaliyotokea bandarini Dar es Salaam Novemba 28, 1914. Ya pili ni hii ya Maktau. Ya tatu alipewa William Bloomfield wa Afrika Kusini, aliyemrudia majeruhi wake uwanjani huko Mlali, Morogoro, Agosti 1916. Ya nne ni ya Frederick Booth, karibu na Songea, Februari 1917, ambaye naye alimfuata majeruhi mbele ya adui. Wote wanne ni wazungu. Lakini kitu kingine hunigusa zaidi katika orodha hiyo, nacho ni kwamba tatu za mwisho zote zinahusu mtu aliyelala chini na mtu mwingine aliyekataa kumwacha. Katika nchi isiyo na barabara, kubebwa au kutobebwa ndiko kulikokuwa uhai au kifo.

Waliobeba hasa hawakuwa maluteni. Kila sanduku la risasi lililofika Maktau baada ya mwisho wa reli, na kila machela iliyorudi, ilikuwa juu ya kichwa au bega la mpagazi. Mamia ya maelfu ya watu waliandikishwa kwa hiari na kwa nguvu katika kile kikosi ambacho jina lake la Kiingereza ndimi zetu zililigeuza Kariakoo, likabaki sokoni Dar es Salaam na mtaani Nairobi. Walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa, zaidi sana kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa popote kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wahindi walau wana makaburi yao hapohapo Maktau.

Kikosi cha Dartnell hakikudumu. Selous alipigwa risasi na mdunguaji karibu na Behobeho tarehe 4 Januari 1917, akazikwa porini, na jina lake likapewa pori zima. Sehemu kubwa ya pori hilo tangu 2019 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Waliobaki walimalizwa na homa na mapigano ya kusini, na mwishoni mwa 1917 batalioni iliyoshuka Mombasa na watu zaidi ya elfu moja haikuwa na watu wa kutosha kuitwa batalioni.

Reli iliendelea. Mapema 1916 ilifika Mbuyuni, mbele yake Waafrika Kusini wakapigwa vibaya kwenye kilima cha Salaita tarehe 12 Februari, kisha jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts likavuka Taveta mwezi uliofuata, na vyuma vikafuata nyuma hadi Kahe, vikaunganishwa na reli ya Wajerumani ya Tanga hadi Moshi. Kwa miaka mingi baadaye treni zilipita humo zikibeba katani na abiria. Karibu na Salaita wapita njia bado huonyeshwa mbuyu wenye matundu, wakasimuliwa juu ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake akidungua Waingereza mmoja mmoja. Hadithi hiyo ina wapenzi wengi kuliko ya luteni wa Melbourne, nami nawaelewa, mbuyu unaguswa.

Dartnell anayo majina mawili katika kumbukumbu, la Collingwood na la jeshini, na wataalamu wameandika kurasa kuyapatanisha. Waliombeba hatua zile chache kabla hajawaambia wamshushe, maelezo ya nishani hayawataji.